PETE ILIYOVUNJIKA: MNARA WA WALINZI WA LENINGRAD



Katika somo la historia tunajifunza tarehe za Vita ya Pili ya Dunia: 1939, 1941, 1945. Tunaziandika katika daftari, tunazirudisha siku ya mtihani, kisha tunazisahau. Leo napenda kuwaelezea mnara mmoja wa ukumbusho ulio mbali sana na kwetu, katika inchi ya Urusi, kusudi tuone kwamba nyuma ya tarehe hizo kulikuwa watu wenye mwili na damu kama sisi.

Ulizo langu ni moja tu: mlinzi wa mji ni nani? Wengi wetu tutajibu mbio mbio: ni askari mwenye bunduki. Mnara huu unajibu namna ingine, na nafikiri unajibu vizuri. Tufuatane polepole.

1. Mnara uko namna gani?

Mji wa Leningrad ulikuwa na jina hilo toka 1924 mpaka 1991. Leo unaitwa tena kwa jina lake la zamani, Saint-Pétersbourg. Mtu anayeingia katika mji akitokea upande wa kusini, kwa barabara kubwa inayotoka Moscow, anakuta kiwanja kinachoitwa Kiwanja cha Ushindi. Hapo njo mnara unasimama. Ulifunguliwa tarehe 9 Mei 1975, siku ya kukumbuka miaka 30 tangu mwisho wa vita. Hawakuchagua pahali hapo bure. Wakati wa vita, mstari wa mapigano ulikuwa kilometa chache tu toka hapo, na askari waliokwenda kupigana walipita katika njia hiyo kwa miguu.

Katikati kuna nguzo ndefu ya jiwe, urefu wake metre 48, nayo imeandikwa miaka ya vita: 1941–1945. Chini yake wanasimama watu wawili wa bronzi, askari na mfanyakazi, bega kwa bega. Angalieni vizuri: haiko jenerali juu ya farasi. Kando kando kuna sanamu zingine za watu: warushaji wa ndege, mabaharia, askari wa miguu, lakini pia watu wanaoyeyusha chuma katika kiwanda, na watu wenye kuchimba mahandaki kwa pauro. Wote wamewekwa sawa.

Nyuma ya nguzo kuna ukuta mkubwa wa mviringo, sawa na pete. Lakini pete hiyo haikufungwa. Upande mmoja imevunjika, inaacha njia. Ndani yake mnakuta sanamu moja tu, ile ya mama anayebeba mtoto aliyekufa, na askari anayeinua mwanamke aliyeanguka juu ya njala. Inje ya pete ni watu wenye nguvu, ndani ya pete ni watu wenye kuteseka.

Waliochora mipango ya mnara huu ni Valentin Kamensky na Sergei Speransky, na sanamu zilitengenezwa na Mikhail Anikushin. Anikushin mwenyewe alikuwa askari katika hiyo vita. Raia nao walitoa feza yao kwa mapenzi kusaidia ujenzi, na wengi walikuja kufanya kazi pale bila kulipwa.

Sasa mtaniuliza: juu ya nini pete, na juu ya nini imevunjika? Kwa kujibu, lazima kurudi mwaka wa 1941.

2. Mji uliofungwa

Jeshi la Ujerumani liliingia katika Umoja wa Sovieti tarehe 22 Juni 1941. Majeshi yake ya kaskazini yalikwenda mbio kuelekea Leningrad, na Wafini walishuka kwa upande wa kaskazini ya mji. Tarehe 8 Septemba 1941, Wajerumani walikamata mji mdogo wa Schlüsselburg, kando ya ziwa Ladoga. Toka siku ile barabara zote na reli zote zilikatwa. Katika pete walibaki watu karibu milioni mbili na nusu, kati yao watoto karibu 400.000. Siku ile ile, ndege za Wajerumani zilichoma depo za chakula zilizoitwa Badayev. Unga na sukari viliungua.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hitler hakutaka mji ujitoe mikononi mwake. Amri yake ilikuwa: hata wakiomba amani, tusiwapokee, kwa sababu hatutaki kuwalisha watu wale wote. Mji ulipaswa kufungwa, kupigwa mabomu, na kuachwa ufe njala. Basi njala ya Leningrad haikuwa bahati mbaya ya vita. Ilikuwa silaha, sawa na mzinga.

Kufungwa huko kulidumu mpaka tarehe 27 Januari 1944. Mkihesabu, mtapata siku 872. Watu wa kule wanasema siku 900, na hivi njo imeandikwa juu ya mnara: siku 900, usiku 900. Si uongo, ni namna ya kusema kwa hesabu nzima, kama vile sisi tunavyosema "miaka mia" kwa jambo la zamani.

3. Gramu 125

Mkate uligawiwa kwa karte. Karte ikipotea, maisha yamepotea. Kila mara serikali ilipunguza kipimo, na kipimo kidogo kupita vyote kilikuwa toka tarehe 20 Novemba mpaka 25 Desemba 1941. Mfanyakazi wa kiwanda alipata gramu 250 kwa siku. Wengine wote, maana yake makarani, wazee, na watoto kama wa kalasi ya kwanza na ya pili, walipata gramu 125.

Tufanye hesabu ndogo, sababu namba peke yake haisemi kitu. Kilo moja ya mkate inagawiwa watu 8, na hicho njo chakula chao cha kutwa. Kalasi ya wanafunzi 40 inapata kilo 5 kwa siku nzima. Hakuna mboga, hakuna samaki, hakuna maharagi ya jioni yenye sisi tunanung'unikia. Tena mkate wenyewe haukuwa mkate wa kweli: walichanganya unga na mashudu ya mbegu za pamba na vitu vilivyotoka katika miti, kusudi uwe mzito kidogo. Na yote hayo katika baridi ya digri 30 chini ya sifuri, bila moto, bila maji katika bomba, bila tramu njiani. Watu walichota maji mtoni katika tundu la barafu, na wengine walianguka pale pale.

Ni watu wangapi walikufa? Katika hukumu ya Nuremberg ilitajwa hesabu ya karibu 632.000. Wajuzi wengi wa historia wanasema siku hizi kwamba raia waliokufa walifika 800.000 au hata milioni moja. Katika makaburi ya Piskaryovskoye peke yake wamezikwa karibu watu 490.000, raia na askari, wengi wao katika makaburi ya pamoja yasiyo na majina, yenye mwaka tu juu ya jiwe.

Kati ya wengi hao, jina moja limejulikana dunia nzima: Tanya Savicheva, mtoto mwanamke aliyezaliwa mwaka wa 1930. Katika kitabu kidogo aliandika kifo cha kila mtu wa jamaa yake, jina, siku na saa, toka Desemba 1941 mpaka Mei 1942: dada, nyanya, kaka, ndugu wawili wa baba yake, na mama. Kurasa tisa tu. Yeye mwenyewe alitolewa katika mji, lakini ugonjwa ulikuwa umemwingia, na alikufa tarehe 1 Julai 1944, akiwa na miaka 14. Kurasa zile zinachungwa mpaka leo katika nyumba ya ukumbusho. Hakuandika maneno makubwa. Aliandika paka ukweli.

4. Nani alilinda mji?

Sasa turudi kwa ulizo letu. Askari walilinda mji, hiyo hakuna mashaka. Walikufa kwa mamia ya maelfu. Lakini kama raia wangeacha kazi yao, mji ungalianguka. Nitatoa mifano mitano.

(a) Wapeleka kamyo. Ziwa Ladoga lilipoganda, likawa barabara. Kwanza walipita farasi wenye kukokota, kisha tarehe 22 Novemba 1941 zikapita kamyo za kwanza, 60 kwa hesabu, chini ya Kapiteni Porchunov. Zilileta tani 33 za unga. Wapeleka kamyo waliendesha mlango ukiwa wazi, kusudi barafu ikivunjika waruke inje. Wengi hawakupata wakati wa kuruka. Kwa njia ile chakula kiliingia, na watu zaidi ya nusu milioni walitoka katika ile baridi ya kwanza. Waliiita Njia ya Uzima.

(b) Wenye kuchunga mbegu. Katika mji ule kulikuwa nyumba kubwa ya elimu ya mimea, yenye mbegu kutoka inchi mingi za dunia, zilizokusanywa chini ya uongozi wa profesa Nikolai Vavilov. Ndani yake kulikuwa mchele, ngano, maharagi, karanga, kwa tani nyingi. Wafanyakazi wake walikuwa wanakufa njala, lakini hawakugusa, sababu mbegu zile zilikuwa chakula cha watoto watakaozaliwa kesho. Dmitri Ivanov, mwenye kuchunga mchele, alikufa katikati ya vifuko vya mchele. Alexander Shchukin, mwenye kuchunga karanga, alikufa pia kazini. Sisi watoto wa wakulima tunajua methali ya wazee: mwenye akili hali mbegu. Lakini kuishika siku ya kufa njala ni jambo lingine.

(c) Waalimu na wanafunzi. Katika baridi ile ya 1941–1942, shule 39 ziliendelea kufundisha. Wino uliganda katika chupa. Wakati wa hatari masomo yalifanyiwa chini, katika mashimo ya kujificha.

(d) Wapiga muziki. Tarehe 9 Agosti 1942, kundi la wapiga muziki chini ya Karl Eliasberg lilipiga Simfoni ya Saba ya Shostakovich. Wengi katika kundi walikuwa wamekufa, hata ikapasa kuazima wengine kwa jeshi. Mizinga ya Sovieti ilipiga kwanza mizinga ya Wajerumani, kusudi inyamaze wakati wa muziki. Radio ilipeleka sauti ile katika mji wote, na hata kwa adui.

(e) Raia wote. Mwezi wa Machi na wa Aprili 1942, watu karibu 300.000, wadhaifu, waliovimba miguu, walitoka kusafisha mji: uchafu, barafu, maiti. Kama hawangefanya vile, ugonjwa ungalikula waliobaki. Tarehe 15 Aprili tramu za watu zilitembea tena, na watu walilia walipozisikia. Kisha wakapanda mboga kila pahali, hata kabichi mbele ya kanisa kubwa la Mtakatifu Isaka.

Njo maana medali ya Ulinzi wa Leningrad, iliyowekwa mwezi wa Desemba 1942, ilipewa watu zaidi ya milioni moja, na kati yao walikuwamo wanawake wa viwandani na hata watoto. Mlinzi ni yule aliyebaki pahali pake na kufanya kazi yake.

Lakini tuseme kweli yote. Si kila mtu alikuwa shujaa. Kulikuwa walioiba karte za wengine, na walionunua saa na pete za feza kwa kipande cha mkate. Katika kitabu cha Pili cha Wafalme tunasoma juu ya Samaria iliyofungwa na adui, mambo ya kutisha ambayo njala ilifanyisha hata wazazi. Leningrad nayo ilijua mambo ya namna ile. Tena wengi waliokufa hawakuchagua kitu. Mtoto wa miaka mitatu hakuchagua ushujaa. Alisikia njala tu. Kwa hiyo naona ni vizuri kwamba ndani ya pete hawakuweka bendera wala bunduki. Wameweka mama na mtoto wake.

5. Chini ya ardhi

Sasa tunaelewa pete. Ni ile kamba iliyofunga mji. Na pahali palipovunjika panakumbusha kwamba kufungwa kulikatwa: kwanza tarehe 18 Januari 1943, jeshi lilipofungua njia nyembamba kando ya ziwa, na kwa mwisho tarehe 27 Januari 1944.

Chini ya mnara kuna chumba kikubwa kilichofunguliwa tarehe 23 Februari 1978. Kinaangazwa na taa 900 zenye umbo la maganda ya risasi za mzinga. Kuna kitabu cha bronzi chenye kuhadizia siku za vita, na kurasa zake zinageuzwa. Na unasikia mlio: tik, tak, tik, tak. Ni metronomi, ile chombo ya wapiga muziki ya kupima mwendo. Wakati wa vita, radio ilipokuwa haina neno la kusema, iliacha metronomi ipige. Ikipiga polepole, mji umetulia. Ikipiga mbio, ndege za adui zinakuja. Watu waliolala gizani bila nguvu ya kuamka walijua hivi kwamba mji ungali hai. Mlio ule wameuita moyo wa mji.

6. Ukumbusho nao unaweza kufungwa

Pengine mnajiuliza: vita ilikwisha 1945, juu ya nini mnara ukafunguliwa 1975? Miaka 30 ni mingi. Mji ulikuwa na kazi ya kujijenga, hiyo ni sababu moja. Lakini kuna nyingine yenye uchungu.

Watu wa Leningrad hawakuchelewa. Tarehe 27 Januari 1946 walifungua nyumba ya ukumbusho wa Ulinzi wa Leningrad. Raia walileta vitu vyao wenyewe, na watu walikuja kwa wingi. Kisha serikali ya Stalin ikaona wivu juu ya mji huo na wakubwa wake. Mwaka wa 1949 nyumba ile ikafungwa, na mwaka wa 1953 ikavunjwa kabisa. Vitu vingi vikatawanyika ao kuharibiwa. Wakubwa waliouongoza mji wakati wa vita, kama Kuznetsov na Popkov, walipigwa risasi mwaka wa 1950, wenye kushitakiwa uongo. Na yule profesa Vavilov, ambaye watu wake walikufa kando ya mchele? Alikamatwa na serikali yake mwenyewe mwaka wa 1940, akafa kwa njala na ugonjwa katika gereza la Saratov, Januari 1943. Nyumba ya ukumbusho haikufunguliwa tena paka mwaka wa 1989.

Ndugu zangu, hilo njo somo lililonishika kuliko yote. Adui wa inje alitaka watu wafe. Wakubwa wa ndani walitaka watu wasahau. Mji ulishinda yule wa kwanza kwa siku 872, lakini kumshinda yule wa pili kulichukua miaka 40. Na waliomshinda ni nani? Ni wazee waliohadizia watoto wao nyumbani, ni wale walioficha daftari ya kila siku chini ya kitanda, ni mtu aliyechunga kurasa tisa za mtoto. Jiwe peke yake halikumbuki kitu. Jiwe linakumbusha ikiwa kuna mtu pembeni yake wa kusema kweli.

7. Na sisi je?

Katika Yoshua 4 Waisraeli walitwaa mawe kumi na mawili katikati ya Yordani na kuyasimamisha. Juu ya nini? Kusudi siku moja watoto waulize mawe yale maana yake nini, na wazazi wawe na jibu. Angalieni: jiwe lilikuwa kwa kuleta ulizo, si kwa kulifunga.

Inchi yetu nayo iliingia katika vita za dunia. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo waliingia Tabora, na nyuma yao walikuwa wabebaji mizigo, maelfu na maelfu, waliokufa njiani kwa njaa, kuhara na uchovu. Mwaka wa 1941, wakati Leningrad ilikuwa inafungwa, askari wa Kongo walikuwa wamekwisha kushinda Waitalia pale Saio, katika Etiopia, na baadaye vijijini baba zetu wakubwa walilazimishwa kutafuta mpira porini kwa ajili ya vita ile ile. Majina ya makoloneli tunayakuta vitabuni. Majina ya wabebaji yako wapi? Yako kwa wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa hiyo, kila mmoja wetu anaporudi nyumbani wakati wa kongé, achukue daftari na kalamu. Amwendee babu ao nyanya, akae chini kwa heshima, amwulize: katika jamaa yetu, nani alibeba mizigo ya vita? Nani hakurudi? Aandike jina, kijiji, na mwaka kama unajulikana. Asiongeze kitu, asipunguze kitu. Tanya hakuwa mwalimu wala mwandishi; alikuwa na miaka 11 alipoanza, na kalamu ya rangi.

Mji wa Leningrad ulilindwa kwa bunduki, kwa kamyo, kwa mbegu zisizoliwa, kwa muziki, na kwa pauro. Kisha ukalindwa mara ya pili kwa daftari. Kazi hiyo ya pili haidai nguvu nyingi, na sisi tulio shuleni tuko na vyombo vyake vyote katika mfuko wa masomo.

Prefe wa wanafunzi, kalasi ya sita